Ini Langu Si Zembe

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Utafiti.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA KWA INI LANGU

Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandikia juu ya paja, kwenye benchi la korido ya hospitali yenu, na chini ya paja hilo kuna goti ambalo ndilo lililoanzisha mambo yote haya.

Mimi ni fundi wa makochi. Watu wengi hudhani kazi yetu ni ya kukaa, kwa kuwa tunatengeneza vitu vya kukalia. Sivyo. Kitambaa huvutwa kutoka chini ya fremu, misumari hupigwa chini, na chini hakufikiki ila kwa kupiga magoti. Kila mtu anayestarehe kwenye kochi langu anastarehe kwa sababu mimi nilipiga magoti mbele yake kabla hajafika. Baada ya miaka mingi ya unyenyekevu huo, goti la kulia likaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa awamu.

Ninaye fundi mwenzangu tunayemwita Spidi. Yeye humaliza kochi wakati mimi bado natafuta chaki. Naye alikuwa anaumwa kiwiko. Siku moja akarudi kutoka zahanati akasema ukutani kuna tangazo lenu: wanatafutwa watu wazima wenye maumivu ya viungo, wajaribu dawa mpya ya kutuliza maumivu na kushusha uvimbe, ili ijulikane mwili unaivunja vipi, inakaa ndani muda gani, na kama haidhuru tumbo na figo. Tukaja pamoja. Spidi alifika kwanza.

Sina neno baya juu ya mapokezi. Muuguzi wenu, yule mama mwenye sauti ya upole, alinieleza vizuri hata nikaelewa. "Baba," aliniambia, "dawa ni kama mgeni. Ikishafanya kilichoileta, iondoke. Ini ndilo linaloivunja, figo zinaitoa. Sisi tunataka tujue kwako inaondoka kwa mwendo gani." Nikatia sahihi kwa moyo mweupe. Nililazwa kwenye shuka safi, nikameza kidonge, nikatolewa damu mara kwa mara kutwa nzima, na nikapewa chupa kubwa ya kukusanyia mkojo, yenye jina langu. Katika maisha yangu hakuna kitu kingine kilichowahi kuandikwa jina langu kwa herufi kubwa hivyo.

Na goti likanyamaza. Mwenyekiti, sijui kama umewahi kuishi na mtu anayelalamika mfululizo, halafu ghafla akanyamaza. Nilikwenda msalani mara nyingi kuliko nilivyohitaji, kwa raha tu ya kwenda na kurudi. Kama mambo yangeishia hapo, barua hii ingekuwa ya shukrani. Hayakuishia hapo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. KUHUSU NAMNA NILIVYOPEWA MAJIBU.

Niliitwa nije na mtu wa karibu. Nikaja na mke wangu, nikidhani tunaitwa kupongezwa. Daktari wenu mwenye miwani akafungua karatasi zake akasema, mbele ya mke wangu, kwa sauti ambayo hata mfagiaji aliyekuwa nje aliisikia:

"Mzee, ini lako linaivunja dawa hii polepole mno. Kwa wenzako, ikifika jioni dawa imeshapungua sana. Kwako, kesho yake bado imejaa kana kwamba umeimeza sasa hivi. Ukimeza kila siku itarundikana, na ikirundikana itakutoboa tumbo au itaumiza figo. Tunakuondoa kwenye utafiti kwa usalama wako."

Nilikuwa natafuta jibu la kiungwana. Mke wangu alinitangulia.

"Daktari," akasema, "damu yote hiyo mmemtoa bure. Mngeniuliza mimi."

Daktari akacheka. Muuguzi akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Wahenga walisema maneno makali hukata maini. Langu lilikatwa hapohapo, mbele ya wataalamu wa maini, na hakuna aliyeliangalia.

Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna kosa lisilo la ini. Nikichelewa kuoga, ni ini. Taa ya uani, ambayo nimeahidi kuibadilisha na nitaibadilisha, ni ini. Juzi mke wangu alinipa chai akaniuliza kama ini limeshaamka au asubiri kwanza. Mkwe wangu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kupata jina la kile asichokipenda kwangu, sasa amelipata, tena lenye muhuri wa hospitali.

2. KUHUSU KAZI YANGU.

Majibu ya Spidi yalitoka siku ileile. Ini lake halina tatizo. Sijui ni nani kwenu aliyemwambia neno "safi kabisa", lakini ningeomba akumbushwe kwamba kuna watu ambao sifa hawaziwezi. Spidi alirudi karakana akawaeleza mafundi, muuza sponji, na kila mteja aliyeingia, kwamba dawa ikiingia kwake haikai hata kupumzika, ila ikiingia kwangu inalala.

Mteja mmoja ni bibi harusi niliyemtengenezea kochi. Sikatai kwamba kochi la maharusi lile liliwafikia wakati mtoto wao ameanza kusimama kwa kushikilia vitu, na kwamba kitu cha kwanza alichoshikilia ni kochi lenyewe. Lakini hilo lilitokana na kukosekana kwa kitambaa cha rangi ya zambarau, halikutokana na kiungo chochote cha mwili wangu. Yule mama alipopewa habari na Spidi alinijia akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, fundi," akasema. "Kumbe ni maradhi. Sisi tulidhani ni tabia."

Mwenyekiti, nimezoea kugombezwa. Nina majibu ya kutosha kwa mtu anayenigombeza. Kwa mtu anayenionea huruma sina hata moja. Sasa wateja wanafika karakana kunipa pole, wananiletea matunda, kisha wanapeleka kochi kwa Spidi.

3. KUHUSU SAYANSI YENYEWE.

Mimi si msomi, lakini naomba kuuliza: nani aliyeamua kwamba mwendo wa Spidi ndio mwendo wa ini? Wazee wetu waliposema haraka haraka haina baraka, hawakuongeza kwamba maini hayamo. Dawa inapofika kwangu, ini langu haliitupi nje kama karatasi ya pipi. Linaipokea, linaigeuzageuza, linaiuliza inatoka wapi na imekuja kufanya nini, na kama siku imekwisha linaiambia ilale, wataendelea kesho. Huo ni uangalifu. Afisa wa forodha anayefanya hivyo hupewa cheti.

Kwa hiyo naona njia ya haki si kunitoa mimi. Njia ya haki ni kuandika kwenye ripoti yenu kwamba washiriki wengine wote wamegundulika kuwa na maini ya pupa. Dawa itengenezwe kwa kipimo changu. Kwenye boksi iandikwe: "Kiasi hiki kinamtosha fundi wa makochi. Wengine waulize." Nikifikiria zaidi, naona hata kwa jambo hili mngepata faida, kwani mkitutoa sisi wote wa polepole mtabaki na akina Spidi, na boksi litaandikwa kwa ajili ya akina Spidi, halafu watu wa aina yangu waliotawanyika duniani watakuwa wanameza kwa mwendo wa mtu mwingine.

Nilimwambia hayo daktari wa miwani nikitegemea atabisha. Akavua miwani akasema, "Ndiyo maana majibu yako tumeyaweka mwanzo kabisa wa ripoti, mzee." Hilo nalo nalilalamikia. Mtu akija kugombana, si uungwana kumkubalia.

4. KUHUSU KURUDISHIWA MAUMIVU.

Kidonge kilipokatizwa, goti lilikawia kidogo, kwa sababu dawa ilikuwa bado inatembeatembea ndani yangu kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha likarudi na madeni yake. Nikaenda duka la dawa pale kona nikanunue vile vidonge vya maumivu ninavyovijua siku zote. Mwuzaji akavirudisha kwenye kabati. Mke wangu alikuwa ameshapita. Alikuwa ameshamwambia, kwa agizo la daktari wenu, kwamba vidonge hivyo ni ndugu wa damu wa kile cha utafiti, vinapita mlango uleule, na nisiuziwe hata nikilia.

Nikarudi kwenu kwa hasira nikapewa ushauri. Nilipewa ile dawa nyepesi ya kawaida, mazoezi ya kuegemea ukuta, kitambaa cha baridi, na mwisho, Mwenyekiti, naomba usome polepole, muuguzi akaniuliza: "Na ukipiga magoti kazini, baba, huwa unaweka mto?"

Mimi ni fundi wa mito. Nimeshona mito ya duara, ya mraba, yenye vifungo na yenye pindo. Nimekaa kati ya mito tangu ujana. Haikunijia hata siku moja kwamba mmojawapo ungeweza kwenda chini ya goti langu. Naomba kamati itambue kwamba kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuambiwa na mtu wa nje.

Mto nimeuweka. Unasaidia. Nalalamika.

5. KUHUSU KUINGILIWA KWA UKOO WANGU.

Katika mazungumzo yale, daktari aliniuliza kama ninao ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Akasema ini la namna hii mara nyingi hurithiwa, na ingefaa ndugu zangu waambiwe, hasa kama yupo anayemeza dawa za maumivu.

Yupo. Dada yangu mkubwa ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Mama yetu alipofariki ndiye aliyetulea, na mpaka leo akiniita hunipa amri kwanza, salamu baadaye. Kila siku huinua masufuria ambayo wanaume wawili wakiyaona hutazamana. Mgongo wake umekuwa ukimuuma, naye huweka vile vidonge kwenye mfuko wa aproni yake na kuvila kama njugu, kimoja kabla ya kuinua sufuria, kingine baada ya kulitua.

Sikumwambia. Nilijua angecheka, kisha angewaambia wadogo zetu wote, na wao wangewaambia wake na waume zao. Niliona ni heri aibu ianzie kwangu na iishie kwangu. Niliona namstahi.

Mke wangu hakuona hivyo. Alimpigia simu leo asubuhi. Dada akacheka kama nilivyojua, akasema tumbo lake halina shida, ni gesi tu, ila siku hizi anachoka na choo kimekuwa cheusi kama lami. Mke wangu hakuendelea na mazungumzo. Alitoka akaenda shuleni, akamkuta dada amekaa juu ya gunia la viazi, mkono ukiwa bado umeshika mwiko, anawaambia wasaidizi wake kwamba anapumzika kidogo. Dada yangu hajawahi kupumzika kidogo. Mke wangu akamshika mkono akamleta kwenu. Langoni nguvu zilimwisha, mlinzi wenu akamdaka.

Wamesema tumbo lilikuwa linavuja damu kwa ndani, na kwamba huenda limevuja muda mrefu. Wamemwingiza kwenye mlango wa kijani ulio mbele yangu, wanapitisha mpira wenye taa mpaka tumboni watazame na wazibe. Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu nilimkimbilia pembeni, kwa goti hili. Uso wake ulikuwa umepauka. Akanitazama akamwambia muuguzi, "Kumbe ni la ukoo. Mimi siku zote nilidhani ni huyu peke yake."

Kwa hiyo aibu iliyokuwa ya mtu mmoja mmeifanya ya ukoo mzima. Hilo ni lalamiko la tano.

6. KUHUSU DAMU.

Walisema anahitaji kuongezewa damu. Nikakunja mkono wa shati kabla hawajamaliza sentensi, na naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba mara hiyo moja nilikuwa mwepesi. Wakanikatalia. Muuguzi alisema damu yangu haifai, kwa kuwa kile kidonge huenda bado kimo, na dada yangu ndiye mtu wa mwisho anayestahili kukipata.

Mwenyekiti, damu yangu mliikubali kila mlipoitaka ninyi. Mliiweka kwenye vichupa, mkaibandika namba, mkaitia kwenye jokofu. Siku ya kwanza nilipoitaka mimi, mmesema haifai.

Aliyetoa ni Spidi, ambaye wamesema kwake dawa ilishatoka yote zamani. Mke wangu alimpigia simu, naye alifika wakati bado anaongea naye. Ameacha kochi la mteja limefunuliwa tumbo, sponji nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alipomaliza kutolewa alikaa nami hapa bila kusema neno lolote juu ya ini la mtu yeyote. Akaninunulia maji. Kisha akaenda kuwapigia simu wasaidizi wa jikoni shuleni, kwa sababu watoto wanatakiwa kula. Nalalamika kwamba kuanzia sasa ndani ya dada yangu kuna damu ya Spidi, na kwamba mtu ambaye nilikuwa na haki kamili ya kumchukia nimenyang'anywa.

Na nalalamika juu ya benchi hili. Ni gumu, halina hata sponji ya kidole kimoja, na linatazama mlango wa kijani moja kwa moja, hata mtu hana pengine pa kuweka macho. Nilimwuliza muuguzi kama kuna kazi yoyote naweza kufanya. Akasema hakuna, baba, ni kusubiri tu. Kusubirisha watu nakujua. Kusubiri mwenyewe sikujua kukoje. Naiomba kamati ieleze: mtu ambaye hakumwambia dada yake, na damu yake imekataliwa, akae kwenye benchi afanye nini? Mimi niliomba karatasi na kalamu.

Kutokana na hayo, naomba kamati yako tukufu ifanye yafuatayo: ini langu liombwe radhi kwa maandishi, neno "polepole" lifutwe, liandikwe "kwa tafakuri", mke wangu apewe onyo, mkwe wangu apewe nakala ya onyo hilo, Spidi anyamazishwe kwa njia za kisheria, nirudishwe kwenye utafiti, na ndugu zangu waachwe kama walivyo, bila kuitwa, bila kupimwa, bila kuambiwa lolote.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati. Nisalimie daktari wa miwani, na umwambie simchukii ila simpendi. Nisalimie mlinzi wa langoni, ana mikono mizuri. Nisalimie watu wa maabara wanaoishi na damu yangu. Mfagiaji nimeshamsalimia mwenyewe, amepita hapa tangu nianze kuandika na kila anapopita hunitazama kama mtu anayetaka kufagia chini yangu lakini anaona haya.

Ni mimi, niliye tayari kuitwa wakati wowote mradi nijulishwe mapema,

Fundi wa Makochi,
mshiriki wa zamani wa utafiti.

N.B. Mwenyekiti, mlango umefunguliwa nikiwa natafuta bahasha. Daktari wa miwani ametoka, barakoa ikiwa bado kidevuni. Amesema tundu wameliona na wameliziba, damu imesimama, na kwamba kama angeendelea na vidonge vile mpaka mwisho wa juma tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilitaka kumshukuru. Nikajikuta nimemshika mkono nikashindwa kuuachia, mpaka mke wangu akaja kunibandua.

Nimeingia kumwona. Dada aliniuliza ninaandika nini kutwa nzima. Nikamsomea. Alicheka mpaka muuguzi akamkataza kwa ajili ya tumbo, kisha akafumba macho nikadhani amelala. Hakuwa amelala. "Umewaandikia watu usiowajua karatasi zote hizo," akasema, "na wadogo zako hujawaambia."

Basi naomba malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la sita, yasisomwe. La benchi nitalimaliza mwenyewe, nimeshalipima kwa shubiri, sponji ninayo. Boksi la dawa liandikwe neno "polepole" kwa herufi kubwa kadiri litakavyoenea, na kama mnahitaji jina la kuliweka mbele, wekeni langu.

Wadogo zetu nimewapigia simu mmoja baada ya mwingine, na wote wamekubali kuja kupimwa kesho. Ila nakuomba jambo moja, Mwenyekiti, na hili naliomba kwa dhati: kama mnawahitaji saa nne, waambieni saa mbili.